Mkunjo wa Tisa

"Watumishi wote wa Idara ya Uchapaji mnajulishwa kwamba kiti kimoja cha mbao, chenye mto wa kijani, kilichokuwa kikitumika katika meza ya kushonea, kimehamishiwa katika Chumba cha Faraja kuanzia leo Jumatatu. Mtumishi atakayekikalia bila kuwa na fadhaa atachukuliwa hatua."

Tangazo hilo lilikuwa na mihuri miwili na sahihi tatu. Nililisoma mara nne nikitafuta mahali ambapo mwandishi alikusudia tucheke. Sikupaona.

Kiti chenyewe kilikuwa cha mama mkwe wangu. Alikuwa amekikalia miaka kumi na tisa akishona vitabu. Sasa kilikuwa kimechukuliwa ili apate mahali pa kufarijiwa, naye akawa anashona amesimama.

Kwa msomaji aliyelikosa gazeti la wiki jana, au aliyelifungia sabuni kabla ya kulisoma, naeleza kwa ufupi.

Nimefukuzwa kazi mara tatu. Shuleni, kwa kumsahihisha mwalimu mkuu akiwa jukwaani. Katika duka la dawa, kwa kuwasomea wateja maandishi madogo. Katika maktaba, kwa kukataa kuazima vitabu ambavyo nilikuwa sijavimaliza mwenyewe. Mama mkwe ndiye aliyeniombea nafasi katika karakana ya kujalidi vitabu, anakofanya kazi. Huko wananiita Profesa, na hakuna anayekusudia heshima.

Mkurugenzi wetu, anayekaribia kustaafu, aliandika kitabu cha maisha yake. Nakala moja tukaitengenezea jalada la ngozi kwa ajili ya mgeni rasmi. Mgeni rasmi aliifungua mbele ya watu mia tatu, ukurasa wa tisini na sita, akasoma kwa sauti ya kutangaza uhuru:

"Hapo ndipo nilipotambua kwamba mwenza wa maisha yangu ni..."

Akahamia ukurasa wa kulia.

"...mashine ya kukatia karatasi, yenye uzito wa tani mbili, iliyokwisha kutumiwa na mashirika mawili kabla yetu."

Mke wa Mkurugenzi alikuwa amekaa mstari wa mbele.

Hapo ndipo nilipowaacha. Jambo nililolificha wiki jana nalisema sasa, kwa kuwa gazeti hili halisomwi na mtu yeyote katika idara yetu. Wao wanalichapa tu.

Kitabu hakishonwi ukurasa mmoja mmoja. Karatasi kubwa hukunjwa ikawa kurasa kumi na sita, na huo tunauita mkunjo. Mikunjo hupangwa kwa zamu, kisha hushonwa pamoja. Kwa kawaida mgongoni mwa kila mkunjo huchapwa alama nyeusi, kila alama chini kidogo ya iliyotangulia, hivyo mikunjo ikipangwa vizuri alama zinakuwa kama ngazi. Ngazi ikikatika, hata mtu mwenye usingizi huona. Lakini kwa nakala ile ya heshima Mkurugenzi aliagiza alama ziondolewe. Alisema zinafanana na madoa.

Mama mkwe aliikagua mikunjo yote, namba kwa namba. Ilikuwa sawa. Akaenda kunywa chai.

Mimi nikachomoa mkunjo wa tisa.

Ulikuwa na sura iitwayo "Unyenyekevu Wangu," yenye kurasa kumi na tatu. Sikuwahi kuona unyenyekevu ukihitaji nafasi kubwa namna ile. Nilisoma kwa pupa ya mtu anayechungulia ugomvi wa jirani, hadi kengele ikalia. Nikaurudisha haraka. Niliurudisha baada ya wa sita.

Mama mkwe akarudi, akashona.

Kanuni ya karakana ni moja: mkono wa mwisho kabla ya sindano ndio unaojibu. Kwa jinsi kila mtu alivyojua, mkono huo ulikuwa wake.

Ni lazima msomaji ajue ukubwa wa jambo hili. Mama mkwe amekaimu nafasi ya Msimamizi wa Karakana kwa miaka tisa. Kaimu hufanya kazi zote za msimamizi isipokuwa moja: hatii sahihi. Kila kitabu kinachotoka kwetu hubandikwa, ndani ya jalada la nyuma, kijikaratasi chenye jina na sahihi ya aliyekisimamia. Kwa miaka tisa vitabu vya mama mkwe vimetoka vikiwa na sahihi ya Mkuu wa Usafirishaji, mtu asiyeweza kufunga hata kifurushi.

Imebaki miezi kumi na mmoja astaafu. Barua ya kumthibitisha ilikwisha kuandikwa. Sasa Kamati ya Ajira ingekaa Ijumaa kuamua kama itolewe au ichanwe.

Hiyo ndiyo hali niliyoikuta Jumatatu, nikiwa nimesimama mbele ya tangazo la kiti, wakati Afisa Ustawi aliponishika bega.

Afisa Ustawi alikuwa ametoka majuzi katika semina ya siku mbili kuhusu kuinuana kazini. Alirudi na mkoba mpya na sauti ya chini.

"Ndugu yangu," aliniambia, "tumekuteua kuwa mfariji wa Mama Mashono."

Hilo ndilo jina ambalo kila mtu anamwitia mama mkwe wangu kazini.

"Ni mama mkwe wangu," nilisema.

"Ndiyo maana. Halafu wewe hukuhusika kabisa, moyo wako ni mweupe."

Nilifungua mdomo ili nieleze rangi ya moyo wangu. Akanipa fomu ya kurasa nane. Nikaufunga.

Swali la kwanza katika fomu lilisema: "Je, mhusika amelia?" La pili: "Kama hapana, ameelezwa faida za kulia?" Nyuma kulikuwa na orodha ya sentensi za faraja zilizoidhinishwa, zenye namba.

"Na kama hakukosea?" niliuliza.

"Nani?"

"Mhusika."

Alinitazama kwa huruma. "Hiyo inaitwa kuukataa ukweli, ndugu yangu. Iko ukurasa wa tano."

Chumba cha Faraja kilikuwa stoo ya gundi. Mikebe ilikuwa imetolewa, harufu ikaachwa. Jumanne asubuhi mama mkwe aliingia, akakitazama kiti chake kama mtu anayekutana na ng'ombe wake katika zizi la mwingine, akakaa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mkwe. Nimeitiwa nini?"

"Kufarijiwa."

"Kwa muda gani?"

"Dakika arobaini."

"Nina vitabu sitini mezani."

"Nitafanya haraka. Sentensi ya kwanza: 'Kila mtu hukosea.'"

Alinitazama jinsi anavyoutazama mshono uliopinda.

"Kila mtu ndiye nani?"

"Wameandika hivyo tu."

"Ya pili?"

"'Hata wewe.'"

"Ya tatu?"

"'Wenzako wako nyuma yako.'"

"Hilo nalijua. Wako nyuma ya mlango."

Nilifungua mlango. Fundi wa mashine ya kukatia, tunayemwita Kisu, aliingia kwa bega, kisha kwa kichwa, kisha kwa heshima.

"Mimi nilikuwa napita tu, mama yangu," alisema akijifuta vumbi. "Nikasema nitoe pole. Usijiumize. Hata mimi mwaka juzi nilikata kamusi mia mbili katikati. Ikabaki A mpaka K."

"Wakakufanya nini?" mama mkwe aliuliza.

"Nani? Hakuna aliyejua. Walidhani ni juzuu ya kwanza."

"Na ya pili?"

"Wanaisubiri mpaka leo."

Nilijaza katika fomu: "Mhusika hakulia. Aliyekuja kumfariji alikaribia."

Kufikia Jumatano Afisa Ustawi alikuwa ameweka daftari la pole mlangoni. Watu waliosita kumsalimia mama mkwe kwa miaka kumi na tisa walipanga foleni kumwandikia. Dereva aliandika kwamba ajali haina mwenyewe. Mpokea wageni aliandika kwamba macho yanachoka, si aibu. Mtu mmoja alichora ua, na chini yake akaandika: "Ukurasa mmoja hauwezi kukufuta."

Kulikuwa na fulana pia. Kisu ndiye aliyezipanga. Kifuani ziliandikwa TUKO NAWE MAMA MASHONO, na mgongoni, kwa tarakimu kubwa kama za wachezaji, 96.

"Kwa nini tisini na sita?" nilimuuliza.

"Ndiyo ukurasa wenyewe, Profesa. Ili watu wasisahau tunamfariji kwa lipi."

"Hilo ndilo analotaka lisahaulike."

"Aa, wewe nawe! Unasoma sana mpaka huelewi mambo." Akashusha sauti. "Unajua, mwanzoni mimi nilikuwa na mashaka. Nikasema yule mama hawezi kukosea hivyo, yule anahesabu mpaka pumzi. Lakini nimeona lile daftari. Pole hamsini na moja! Mtu hapewi pole hamsini na moja bure."

Nilisimama pale nikiwa na fulana mkononi. Nilikuwa nimehesabu vibaya tangu mwanzo. Nilidhani faraja itamsaidia mama mkwe kulibeba kosa langu hadi Ijumaa, na Ijumaa Kamati ingekumbuka miaka yake kumi na tisa na kumsamehe. Kumbe kila pole ilikuwa shahidi. Nami ndiye niliyekuwa nikiwapanga mashahidi na kuwajazia fomu.

Nyumbani nilimkuta mke wangu anakunja nguo. Yeye ni binti wa mama yake: hukunja shati kana kwamba kesho litashonwa liwe kitabu.

"Mama amepita hapa mchana," alisema. "Amesema unamfariji kwa bidii."

"Amesema hivyo?"

"Amesema hajapata kuona mtu anayekimbilia moto na ndoo kwa kasi hivyo, isipokuwa aliyeuwasha."

Nilichukua shati langu nikaliangalia.

"Mume wangu, una la kuniambia?"

"Shati hili halina kifungo."

"Nimekuuliza."

"Nami nimekujibu."

Alilikunja hivyo hivyo bila kifungo, akaliweka peke yake, mbali na mengine. Katika ndoa yetu hilo ni tamko rasmi.

Alhamisi mama mkwe aliniita yeye mwenyewe Chumba cha Faraja. Hakukaa. Alifunga mlango, akaufungua ghafla, akamwambia Kisu aende akakate karatasi, akaufunga tena.

"Ile nakala ya mgeni rasmi imerudishwa juzi niirekebishe," alisema. "Nimeifumua."

"Ndiyo, Mama."

"Mkunjo wa tisa ulikuwa nyuma ya wa sita."

"Nimesikia hivyo."

"Ukurasa wa mia moja thelathini na saba, pembeni, pameandikwa kwa penseli: 'Mnyenyekevu wa kweli angetosheka na kurasa mbili.'"

Harufu ya gundi ilinipanda kichwani. Ni tabia yangu ya miaka mingi kuandika pembeni mwa vitabu, hata vya watu. Mkono huandika kabla mimi sijatoa ruhusa.

"Mwandiko ule naujua," aliendelea. "Ndio uliokuja nyumbani kwangu kumposa binti yangu. Nayo barua ile ilikuwa ndefu."

"Mama, naomba..."

"Nimeufuta. Kwa kifutio, mara mbili, nikapangusa. Hauonekani tena."

Nilidhani nimeelewa. Macho yalianza kunichoma, nikasema kwa sauti ambayo sikuikusudia: "Mama, umenificha mimi?"

"Usijipe ukubwa," alisema. "Sikukuficha wewe. Nimemficha binti yangu, asijulikane ameolewa na mtu anayechora kwenye vitabu vya watu. Kosa la kupanga ni lako, hilo sijalificha. Nimelingoja."

"Umelingoja?"

"Tangu Jumanne. Kila ukikaa hapo na hizo sentensi zako nasema, haya, sasa atasema. Unaniambia kila mtu hukosea."

"Sasa nifanye nini?"

"Mimi ni sentensi namba ngapi mpaka uniulize? Kamati inakaa kesho saa nne. Miguu unayo, mdomo unao."

Akaenda kushona, amesimama.

Jioni hiyo nilikuwa na sababu kumi na moja za kunyamaza. Zilikuwa zimejengeka vizuri, nami husifu hoja iliyojengeka vizuri hata ikiwa ya mwizi. Nilifukuzwa mara tatu; ya nne ingenimaliza. Niliziandika zote, nikazisoma, nikaona kila moja inaanza na "mimi." Nikaichana karatasi, si kwa ushujaa, bali kwa sababu uandishi wa namna ile hunichosha hata ukiwa wangu.

Ijumaa saa nne niliingia katika ukumbi wa mikutano bila kuitwa. Mkurugenzi alikuwa katikati, Afisa Ustawi upande wake wa kulia akiwa katibu, na wajumbe watatu wa kutikisa kichwa. Mama mkwe alisimama karibu na dirisha. Alikuwa amevaa gauni la kazini, na sindano bado imechomekwa kwenye kola.

"Waheshimiwa," nilisema, "kosa si lake. Alipanga mikunjo ikawa sawa. Mimi niliuchomoa wa tisa nikausoma, nikaurudisha pasipo pake."

Afisa Ustawi alivua miwani yake, akaifuta, akafuta na macho.

"Mkurugenzi," alisema kwa shida, "hiki ndicho tulichoambiwa kwenye semina. Mfariji anafika mahali anaubeba mzigo wa mwenzake kama wake. Wakufunzi walisema hawajawahi kukiona. Walikisoma tu."

"Sibebi mzigo wa mtu," nilisema. "Huu ni wangu."

"Anaendelea!" alinong'ona Afisa Ustawi, akaandika.

Mjumbe mmoja alitikisa kichwa na kutaka kujua kama nilikuwa nimekula.

Mama mkwe akasogea mbele. Kwa miaka tisa alikuwa hajawahi kuzungumza mbele ya Kamati hiyo, kaimu huzungumziwa.

"Anasema kweli," alisema. "Amekosa yeye, si mimi. Kazi yangu ilikuwa sawa. Naomba barua yangu."

Sauti yake haikupanda wala kushuka. Nimesoma hotuba nyingi katika maisha yangu, na sikumbuki iliyonyooka namna ile.

Mkurugenzi alimtazama kwa upole wa mtu anayemwangalia mgonjwa.

"Mama yetu, miaka tisa hukuwahi kuomba chochote. Leo unaomba. Uchungu huu ni mkubwa kuliko tulivyodhani."

"Si uchungu, Mzee. Ni barua."

"Ushahidi upo?" aliuliza mjumbe wa pili.

"Aliandika kwenye mkunjo wenyewe, pembeni," mama mkwe alisema. "Niliufuta mwandiko nikijua ataleta maneno yake mwenyewe."

"Kwa hiyo haupo," alisema mjumbe, akaridhika.

Mkurugenzi alinigeukia. Kwa mara ya kwanza uso wake ulikuwa na hamu.

"Uliusoma wote? Sura ya unyenyekevu?"

"Kurasa zote kumi na tatu, Mzee."

"Hata mke wangu hakufika nusu." Akajirekebisha kitini. "Na uliandika nini pembeni?"

Hapa nilisita. Kama kulikuwa na jambo ambalo lingewaaminisha kwamba nasema kweli, ni sentensi ile. Hakuna mtu anayejitungia uongo wa kujinyonga nao. Nilimtazama mama mkwe. Alikuwa anatazama dirishani.

"Niliandika," nilisema, "'Mnyenyekevu wa kweli angetosheka na kurasa mbili.'"

Mjumbe wa tatu aliacha kutikisa kichwa akiwa katikati.

Mkurugenzi akaegemea nyuma polepole, na uso wake ukalainika kabisa.

"Sasa nina hakika," alisema. "Kijana huyu anadanganya ili kumwokoa mkwewe. Mtu aliyeisoma sura ile asingeweza kuandika maneno hayo."

Wajumbe wote watatu walikubali. Afisa Ustawi alilia waziwazi, akaomba aongezewe karatasi.

Tulitolewa nje, tukaitwa ndani. Uamuzi ukasomwa tukiwa tumesimama.

"Moja. Kamati imeguswa.

"Mbili. Maelezo ya mfariji yamepokelewa kama faraja, si kama ushahidi.

"Tatu. Kwa kuwa mfariji ameonyesha dalili za kuelemewa, hata kujisingizia makosa, naye afarijiwe. Na kwa kuwa hakuna mtumishi mwenye uzoefu wa kufarijiwa kuliko Mama Mashono, Mama Mashono ndiye atakayemfariji.

"Nne. Uthibitisho wa Mama Mashono kuwa Msimamizi wa Karakana unaahirishwa hadi atakapotia sahihi fomu inayoeleza kwamba mkwewe amefarijika."

Mama mkwe aliinua mkono.

"Kaimu hatii sahihi," alisema.

Walitazamana. Tukatolewa nje tena. Tulikaa kwenye benchi la ukumbini, mimi mwisho huu na yeye mwisho ule, dakika ishirini nzima. Sikuwa na sentensi iliyoidhinishwa. Kisu alipita na fulana yake, akatuonyesha kidole gumba. Kisha mlango ukafunguliwa, na Afisa Ustawi akasoma kwa sauti iliyojaa matumaini nyongeza iliyopitishwa bila kupingwa:

"Tano. Kwa kuwa kaimu hana mamlaka ya kutia sahihi, sahihi iliyotajwa katika kifungu cha nne itasubiri hadi Mama Mashono atakapothibitishwa."